Wanajiita soko mie naona genge: maoni yangu kuhusu wale wa kuagizia vyakula kwa simu hapa Tanga

Niseme mapema ili mwenye bando dogo asihangaike: mboga zao safi, viungo safi, samaki bahati nasibu, nazi usithubutu. Nyota tatu kati ya tano. Na hilo jina la soko walilojipachika naona limewapwaya kama kanzu ya baba kwa mtoto wa madrasa, hapo ndo nina maneno mengi, kwahiyo mwenye haraka aishie hapa hapa, mwenye muda avute mkeka.

Jina lao kamili silitaji. Ni vijana wa hapa hapa mjini wanajitafutia riziki na sina nia ya kuwaharibia, ila wengi wenu mshaunganishwa kwenye lile grupu lao la WhatsApp bila hata kuulizwa kwahiyo mtawajua tu. Wanavyofanya kazi ni hivi, asubuhi wanatupia orodha ya bidhaa na picha na bei, unaoda mpaka jioni, kesho yake mapema bodaboda anakugongea geti. Delivari buku mbili kama uko Ngamiani, Chumbageni, Makorora huko, ukiwa Raskazone au Kange inapanda kidogo. Orodha wameigawa mafungu matatu, juu kabisa wameandika SOKO kwa herufi kubwa, chini yake GULIO, mwisho kabisa MNADA. Mie hapo ndo niliponasa. Nkasema hawa watoto wamekaa wakafikiria au wameokota tu kila neno lenye harufu ya biashara wakalibandika? Nimekuwa nikiagiza kwao kwa muda sasa na jibu nimelipata, neno moja wamelipatia sawasawa, moja wamelikosea, na moja ndo hilo la juu kabisa lenye kesi.

Neno soko tumelipata kwa Waarabu, wao wanasema suq, likaingia pwani na biashara za majahazi na leo hakuna anayelihesabu la kuja. Na sie tumelitanua tutakavyo. Sokoni kumechangamka, soko limelala, embe msimu huu hazina soko, yule binti ana soko (hayo ya wapiga stori wa kijiweni), na darasa likipiga kelele mwalimu anauliza kwani hapa ni sokoni? Kwenye taarifa ya habari kuna soko la ajira, kuna uchumi wa soko, kuna Soko la Hisa la Dar es Salaam ambalo lilianza mauzo mwaka 1998 na sijawahi kusikia mtu kaenda pale na kapu. Kwahiyo mtu asiniambie mie mshamba nadhani soko lazima liwe na mabati na vizimba na mtu wa ushuru anazunguka na mashine yake. Soko la hisa halina nyanya hata moja lakini ni soko kweli kweli, manake wanaouza wengi, wanaonunua wengi, na bei inapanda na kushuka kutegemea watu wameamkaje siku hiyo.

Nenda Mgandini asubuhi uone ninachosema. Unasimama kwa mama wa kwanza unauliza nyanya fungu bei gani, anakwambia buku na nusu, hujajibu, umenyamaza tu unaangalia angalia, mama wa pembeni keshasikia, hakwambii kitu anaanza kupanga panga mafungu yake upya na kuongeza moja juu ili uone. Yule wa kwanza naye anaona unavyogeuza shingo, "njoo bwana mwanangu nikuongeze mbili hizi, usiende mbali". Hakuna aliyekupunguzia bei kwa mapenzi. Wamekaa bega kwa bega na wote wana nyanya na jua linapanda na nyanya hazisubiri. Hiyo bei uliyoipata hukuipanga wewe wala hakuipanga yeye, imepangwa na ule umati. Na ukirudi saa kumi na moja jioni, nyanya zilezile zilizobaki utapewa kwa nusu, manake kesho zitakuwa za kutupa.

Haya, sasa turudi kwa hawa wa simu. Muuzaji mmoja. Bei moja. Nyanya moja, kwa maana ya aina moja, ile waliyonayo. Na grupu lenyewe wamelifunga, admini peke yake ndo anaandika, sie wengine mia na ushee tuko humo tumekaa kimya tunasoma tu. Hebu fikiria soko ambalo wanunuzi wote wamezibwa midomo! Siwezi kumuuliza mwenzangu wewe dada hizo bamia za jana zilikuwaje, siwezi kusikia mtu analalamika, siwezi kujua kama kuna aliyepunguziwa. Ukiwa na neno unaenda inboksi kwa admini mnaongea wawili gizani. Alafu kuna bidhaa hawaandiki bei kabisa, wanaandika "bei inboksi", na hii tabia iko kwa wauzaji wengi wa mitandaoni sio hawa tu na mie inaniudhi sijui niwaambieje. Sokoni bei inatangazwa kwa mdomo mpana mpaka anayepita na mambo yake anasikia. Ukificha bei unataka kwanza uangalie picha yangu ya profaili nimevaa nini.

Hapo hapo niwape haki yao, ukiacha hizo za inboksi bei zilizoandikwa haziangalii sura. Sokoni sie tunajijua bwana, mgeni akionekana tu wa kuja, waja leo waondoka leo wenyewe, bei inaota mabawa. Shemeji yangu wa Singida akienda peke yake kununua samaki anarudi amelipa kama amenunua boti. Kwenye orodha ya hawa vijana mgeni na mzaliwa wote changu ni elfu kumi na mbili kilo. Hilo zuri. Na kupatana nako sio kila mtu anakupenda, kuna watu wanaona aibu kabisa kusema punguza, wanalipa wanaondoka wananung'unika njiani.

Sasa kisa cha nazi. Niliagiza nazi nane, nilikuwa na wageni na nilitaka wali wa nazi na mchuzi wa papa na kisamvu, vyote vinataka tui. Zikaja nane kweli, zimefuliwa vizuri, zimefungwa kwenye mfuko mzuri una nembo yao. Kupasua ya kwanza, koroma. Ya pili koroma. Kwa msiojua, dafu likikua kabla halijawa nazi linapita hatua ya koroma, nyama ishakuwepo lakini laini, ukiiweka kwenye mbuzi haikuniki inateleza tu na tui lake maji matupu. Nazi nzuri ilikuwa moja tu kwenye zote. Ndo maana mtu akiwa kwenye meza ya nazi anaitikisa karibu na sikio, anasikiliza maji yanavyogonga ndani, anapima uzito, anaikwaruza kucha, anairudisha anachukua nyingine na muuzaji hakasiriki, ndo kazi yenyewe. Picha haitikisiki.

Nikamwandikia admini, kijana mstaarabu sana, mazungumzo yetu nayaweka hapa manake ndo yaliyonifanya niandike yote haya:

"Mwanangu, nazi mlizoniletea koroma tupu."

"Shikamoo mama. Samahani sana mama yangu. Hizo ndo zilikuwepo leo sokoni."

"Marahaba. Sokoni wapi tena, soko si ndo nyie?"

Akaweka alama ya kuandika, ikakaa, ikapotea, ikarudi.

"Hapana mama, sokoni kule. Tunafata alfajiri."

Nilicheka mpaka wageni wakaniuliza kuna nini. Soko linaenda sokoni! Yaani mwenyewe bila kujua alipofika pa kusema kweli neno lilirudi kwake mahali pake, pale kwenye meza na vizimba na akina mama. Na mkiangalia vizuri hata sie wateja hakuna anayesema "niko sokoni" akiwa kajilaza kwenye kochi anachagua bamia kwenye simu. Tunasema "naagiza kwa wale". Ile -ni ya sokoni inataka miguu iwe imefika.

Kuhusu zile nazi, walinirudishia hela ya nazi nne, ni kama tukagawana hasara. Hakunibishia wala hakuniomba picha kwa picha. Nawapa alama kwa hilo, kuna wengine ukilalamika unatolewa kwenye grupu.

Mboga. Hapa sina neno. Mchicha, matembele, mnavu, kisamvu kilichotwangwa tayari, vyote vinakuja vibichi na umande wake na vimefungwa vizuri. Kisamvu chao hasa wanakitwanga laini na wanatia vitunguu saumu na pilipili hoho humo humo, unapika moja kwa moja. Viungo pia, iliki, mdalasini, pilipili manga, binzari, vimefungwa vipakiti vidogo na vina harufu, sio ule unga wa binzari unaopaka rangi mikono na chakula hakina ladha.

Na wanapima kwa kilo. Hili nataka nilisemee kidogo manake watu tunalisifia soko mpaka tunasahau mambo yake. Sokoni viazi, vitunguu, maharage tunapimiwa kwa sado, yale makopo ya rangi ya lita nne, na nyote mnajua sado zina mambo. Kuna iliyobonyezwa tumbo, kuna iliyowekewa kitako cha ndani, kuna mtu anapanga viazi vikubwa pembeni katikati anaacha pango. Bibi zetu walipimiana kwa kibaba na pishi, vibaba vinne pishi moja, na nasikia malalamiko yalikuwa hayo hayo. Kwa wale wa jumla kuna lumbesa, gunia limevimba kilemba juu mkulima analia, Wakala wa Vipimo wanapambana nayo miaka nenda rudi. Sasa hawa vijana wana mzani wa kidijitali, wanakupigia picha kitu kikiwa juu ya mzani namba zinaonekana kabla hakijafungwa. Nimepima tena nyumbani kwa mzani wangu wa keki, kiko sawa. Kama wangejitangaza kwa hilo tu wangeniweza.

Samaki nilishasema bahati nasibu. Tatizo naona hawana mtu anayejua samaki, au wanaye lakini analala tu. Changu wa kwanza kuletewa alikuwa safi, jicho limetoka linang'aa, matamvua mekundu. Wa safari nyingine jicho limezama na ukibonyeza nyama inabaki na shimo. Alafu kuna jambo mtu yeyote aliyekulia pwani atalishtukia. Orodha yao ina dagaa wabichi kila siku ya Mungu, bei ileile, mwezi mzima. Dagaa wanavuliwa usiku kwa taa, giza ndo msimu wao, mbalamwezi ikiwa imeiva taa haziwavuti na wanaadimika. Sasa nyie mwezi uko juu kama sinia na mnauza dagaa wabichi "wa leo"? Ama wa leo kutoka kwenye friji. Pweza nao wanafuata bamvua, maji yakitoka sana watu wanashuka mwambani. Na kipindi cha kusi bahari ikichafuka vyombo vidogo havitoki, kila samaki anapanda bei. Bei ya samaki ambayo haipandi wala haishuki haijatoka baharini jamani, imetoka kichwani kwa mtu.

Na hapo ndo naingia kwenye ile sehemu yao waliyoiita MNADA, ambayo naipitia haraka manake haina kitu. Ni vitu vilivyobaki jana vimekatwa bei, bei ya zamani imepigwa mstari, mpya iko pembeni. Hiyo ni ofa. Mnada ni kunadi, ni mtu kupaza sauti. Nenda Deep Sea asubuhi vyombo vikirudi, samaki wanamwagwa chini, dalali anaanza, thelathini, thelathini na mbili, nani ana tano, huyu kainua kidole, yule kakohoa dalali kahesabu kuwa kaongeza, na sekunde chache tu fungu limeondoka. Wanunuzi ndo wanaoipandisha bei. Najua wenzetu wa bara mnada kwao ni siku yenyewe ya soko la ng'ombe, unakuta na mitumba na masufuria na nyama choma na kinachonadi hapo ni spika tu, sawa, neno limetembea na halina kosa. Lakini kwa hawa hakuna ng'ombe, hakuna nyama choma, hakuna dalali. Kuna hoho zilizonyauka kwa mia tano.

GULIO lao sasa. Hapa wamenikamata na nasema bila kinyongo.

Hii sehemu haifunguliwi kila siku, iko Jumamosi tu. Wiki nzima unaikuta imeandikwa "tumefunga, tukutane Jumamosi". Na siku hiyo wanaleta mzigo uliotoka moja kwa moja milimani Lushoto, karoti bado zina udongo mwekundu, kabichi ngumu kama jiwe, viazi, njegere, hoho, na kwa msimu wake pichi na plamsi. Hawapitii sokoni, gari linashushia kwao. Bei iko chini na mzigo ukiisha umeisha, hakuna cha "nitafutie". Ndo gulio hasa! Gulio halikai, linakuja na siku yake na kuondoka. Lushoto wanajaa Jumapili, Soni Jumanne, watu wanateremka kutoka vijiji vya juu na ndizi kichwani, jioni uwanja mtupu umebaki maganda na mbuzi wanaokota. Mtu wa kule hakwambii gulio liko wapi, anakwambia ni lini.

Na neno lenyewe naamini kabisa limezaliwa huku kwetu kwa wajomba. Wazigua na Wadigo kununua wanasema kugula, kwahiyo gulio ni pale pa kugulia, kama vile kimbilio ni pale pa kukimbilia. Wadigo wa huku Mkinga hadi ng'ambo ya mpaka wana na lao wenyewe, chete, ukiwasikia wanasema leo ni chete ujue hakuna atakayeshinda shambani. Nilimuuliza yule admini nani aliyechagua jina la gulio, akasema mama yake, ni mtu wa Muheza. Nilijua tu kuna mtu mzima nyuma ya pazia.

Kama mnataka kuagiza kitu kwa hawa basi agizeni mzigo wa Jumamosi. Sifa zangu karibu zote ni za siku hiyo.

Sasa kama soko sio, wao ni nini? Mie nawaita genge na nilimwambia hivyo hivyo, akanuna kidogo. Sijui kwanini neno genge limeshushwa hadhi hivi, mtu akifungua kameza ka nyanya anataka kuandika minimaketi. Genge ni kitu cha maana sana mtaani. Mtu mmoja, meza moja, anaamka alfajiri anafata mzigo sokoni anauweka karibu na mlango wako, anaongeza mia mia yake ya nauli na usingizi alioukosa, na wewe unampa kwa moyo mweupe kwa sababu umekwepa jua na foleni ya bajaji. Anakujua jina. Anajua mumeo hali bamia. Anakukopesha mpaka mwisho wa mwezi. Hawa vijana wanafanya kazi hiyo hiyo, tofauti meza yao iko kwenye simu. Kitu pekee cha genge ambacho hawana ni mkopo, na nimewashauri waufikirie kwa wateja wa siku nyingi, wakaniwekea kile kikatuni cha kucheka, sijui maana yake ndio au hapana.

Tena genge lina faida moja ambayo soko halina. Sokoni ukiuziwa koroma leo, kesho yule mama humpati au ukimpata anakwambia sio mie. Mwenye genge hawezi kukukimbia, anaishi nyumba ya tatu. Admini wangu alirudisha hela ya nazi manake anajua nitaandika, na mama yake tushajuana. Ukijiita soko unajitoa kwenye hiyo dhamana, soko halina mwenyewe, nani umgombeze? Nadhani wengi wanaojiita soko huko mitandaoni ndo wanachokipenda hicho, kuna yale maprogramu makubwa ambayo wauzaji kweli wako elfu kidogo, bei zinashindana, neno soko linawafaa kabisa, lakini ukipata kitu kibovu mwenye programu anasema sie tumewakutanisha tu. Sawa, basi wewe dalali. Dalali nae ana heshima yake lakini aseme ni dalali na asilimia yake ijulikane.

Kizuri chajiuza kibaya chajitembeza, walisema wa kale, na hawakujua itafika siku kizuri na kibaya vyote vinajitembeza kwenye stetasi saa mbili asubuhi na picha zimepigwa na taa. Picha zao hawa sio za uongo sana, ila naona wanatumia ileile ya nyanya tangu nianze kuwafuata, ina kile kijani kidogo cha kikonyo pembeni nimeshakizoea kabisa. Badilisheni bwana, pigeni ya siku hiyo hata kama sio nzuri.

Marehemu bibi yangu upande wa mama alikulia Unguja, hata alipoolewa huku Tanga na kuzeekea huku hakuwahi kusema soko, alisema marikiti mpaka anaondoka, kama wanavyosema bado Darajani na kule Mombasa. Ni market ya Waingereza hiyo tumeivika kanga. Yeye kwake soko lilikuwa popote watu wanapouziana, marikiti ndo lile jengo lenye saa ya kufungua na kufunga. Nimewaza wakiongeza sehemu ya nne kwenye orodha yao wataiita marikiti, msiwape wazo.

Mambo madogo madogo ya kumalizia. Bodaboda wao ni waungwana, hawapigi honi getini alfajiri, wanapiga simu mara moja wanasubiri. Kuna mmoja tu anaweka mifuko ya mboga chini samaki juu, maji ya samaki yanatiririkia mchicha, nimemsema na nadhani amesikia. Vifungashio ni mifuko ile inayoruhusiwa, na ukiwarudishia makapu yao ya ukili wanakupunguzia delivari, hiyo nimeipenda. Mkate wa ajemi waliouongeza juzi juzi unafika umepoa na umekauka, bora ununue kwenye tanuri mwenyewe.

Malipo yalinitia wasiwasi mwanzoni, walikuwa wanataka utume kwenye namba ya mtu na ya kutolea juu, na jina linalokuja sio la duka. Sasa hivi wameweka lipa namba na jina la biashara linatokea kabla hujabonyeza kukubali, tumieni hiyo, mtu akikwambia tuma kwenye namba nyingine muulize kwanza admini. Na oda ya Jumamosi mwisho wake ni Ijumaa adhuhuri, sio jioni kama siku nyingine, hawajaliandika popote na ndo maana wengi mnakosa karoti.